Mbwa wa Dunda na Ugonjwa wa Mbali

Ndugu msikilizaji, wiki hii nilikusudia kuzungumzia bei ya samaki. Nilikwenda Bagamoyo kwa shughuli hiyo, nikafika Dunda mapema kabla mashua hazijaingia, kalamu na kinasa sauti mkononi. Nimerudi na jambo jingine kabisa, nalo ni la mbwa.

Pale karibu na soko la samaki nilikuta vijana sita au saba wameshika mawe, mmoja wao ana mpini wa kasia. Mbele yao mbwa mwekundu amejikunyata chini ya ngalawa iliyopandishwa kwa matengenezo. Manyoya yamemtoka masikioni na pembeni mwa macho, ngozi inabanduka kama chokaa ya ukuta mkongwe, na mbavu zake unaweza kuzihesabu. Kati ya mbwa na vijana alikuwa amekaa mzee mmoja, mlinzi wa nyavu, ambaye ndiye mwenye mbwa. Nikamwamkia. Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Waambie hao wenzako waniue mimi kwanza."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Siku moja kabla, mtalii mmoja kutoka Hispania alipita hapo, akamtazama yule mbwa kwa huruma, akatamka neno "leishmania". Kijana anayetembeza wageni akamwuliza maana yake. Akajibiwa kwamba ni ugonjwa wa mbwa ambao binadamu naye huupata, na ambao huweza kuua. Basi, yakawa hayo. Neno lilipofika sokoni lilikuwa limekwisha kugeuka ukimwi wa mbwa. Lilipofika mtaa wa pili kulikuwa na mtoto aliyekwisha kufa, ingawa hakuna aliyeweza kunitajia ni mtoto wa nani.

Mama mmoja anayekaanga samaki alinivuta kando. "Kaka, wewe mtu wa redio, niambie kweli. Mwanangu wa miaka minne kutwa yuko na huyu mbwa barazani. Nimpeleke hospitali?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitalitafuta, na mazungumzo ya leo ndiyo jibu lenyewe. Namwomba radhi kwa kumkawiza.

Kwanza niseme kwamba yule Mhispania hakusema uongo. Alisema kweli ya kwao. Taabu ni kwamba ugonjwa huu una sura nyingi na wenyeji wengi, na kweli ya Hispania ikivuka bahari si lazima iwe kweli ya Dunda.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Husababishwa na kimelea kidogo mno, cha seli moja, kisichoonekana bila hadubini. Mwaka 1900 daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye William Leishman alikiona katika bandama ya askari aliyefariki baada ya kurudi kutoka Dum Dum, karibu na Calcutta. Alichapisha habari hizo mwaka 1903, na mwaka huohuo Charles Donovan, daktari aliyekuwa Madras, naye akakiona kitu hichohicho. Ndiyo maana aina mojawapo ya kimelea hiki ina majina ya wote wawili, Leishmania donovani. Wahindi walikwisha kuujua ugonjwa huo kabla ya madaktari hao na walikuwa na jina lao: kala-azar, yaani homa nyeusi.

Leo wataalamu wanahesabu aina zaidi ya 20 za lishmania zinazomdhuru binadamu. Zipo zinazokaa katika ngozi tu, zikaleta kidonda kisichouma sana lakini kinachochukua miezi, pengine miaka, kupona, na kuacha kovu la maisha. Zipo zinazoingia ndani, katika bandama, ini na uboho wa mifupa. Hiyo ndiyo kala-azar. Mgonjwa huwa na homa isiyokwisha, anakonda, damu inapungua, na tumbo linavimba upande wa kushoto kwa sababu bandama imekuwa kubwa kupita kiasi. Asipotibiwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila wagonjwa 100 wa kala-azar wasiopata dawa, zaidi ya 95 hufariki. Kwa hiyo hofu ya yule mama haikuwa ya bure.

Sasa kinaambukizwaje? Hapa ndipo vijana wa Dunda walipopotea. Hakiambukizwi kwa kumshika mbwa, wala kwa kulambwa naye, wala kwa kulala naye baraza moja. Lazima awepo mchukuzi katikati, naye ni mdudu mdogo arukaye, wa milimita mbili au tatu, yaani kama theluthi moja ya mbu. Jike ndiye anayefyonza damu. Hana mlio kama mbu, haruki mbali, hurukaruka kama anayedunda, na akitua husimamisha mabawa yake juu. Hutoka jioni na usiku. Mchana hujificha penye giza na unyevunyevu: ndani ya vichuguu, mashimo ya wanyama, mapango na nyufa za kuta za udongo.

Mdudu huyu tumwite nani? Waingereza wamempa jina la inzi wa mchangani, na jina hilo linatupotosha sisi watu wa pwani. Wale vijidudu wanaotuuma magharibi tukiwa ufukweni au karibu na mikoko ni wengine kabisa, wala hawabebi lishmania. Wengi wetu huwaita wote usubi. Lakini katika hospitali zetu neno usubi limekwisha kuchukuliwa na ugonjwa mwingine, ule wa upofu unaoletwa na inzi weusi wa kwenye mito iendayo kasi. Mimi leo nitamwita kisubi wa vichuguu, na mwenye jina bora aniandikie.

Kisubi wa vichuguu akimfyonza kiumbe mwenye kimelea, vimelea huingia tumboni mwake, huzaliana humo kwa siku kadhaa, kisha hupanda hadi kwenye mdomo. Akienda kumwuma kiumbe mwingine, huviacha hapo. Ni kama daladala. Na kama ilivyo kwa daladala, swali la kujiuliza ni abiria wanapandia kituo gani. Je, ni kwa mbwa? Ni kwa panya? Ni kwa binadamu mwenyewe? Kituo hicho wataalamu hukiita hifadhi ya ugonjwa. Katika habari yote ya lishmania, ndugu msikilizaji, hakuna swali kubwa kuliko hilo, kwa sababu ukikosea kituo utawapiga mawe wasiohusika, na ugonjwa utaendelea na safari zake.

Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati kituo kikuu ni mbwa. Aliyeligundua jambo hilo ni Charles Nicolle, daktari Mfaransa aliyekuwa Tunis, ambaye mwaka 1908 alivikuta vimelea hivyo katika mbwa wa mji ule. Mbwa wa Hispania, Italia, Ugiriki au Tunisia akipata ugonjwa huu hunyonyoka manyoya kuzunguka macho na masikio, ngozi hubanduka magamba, kucha hurefuka kupita kawaida, hutokwa damu puani, hukonda, na mwisho mara nyingi figo ndizo zinazomwua. Ubaya ni kwamba mbwa wengi wenye vimelea huonekana wazima. Hula na kubweka kama kawaida, na vimelea vimetapakaa katika ngozi yao vikimngojea kisubi. Ndiyo maana mtalii wetu alipoona mbwa mwenye hali ile akaropoka. Kwao mtu angefikiria jambo hilo kwanza.

Basi kama kituo ni mbwa, si wauawe? Nchi moja imelijaribu hilo kwa miongo mingi, nayo ni Brazili. Wapimaji walipita nyumba kwa nyumba, wakatoa damu ya mbwa, na mbwa aliyekutwa na ugonjwa akachukuliwa kwenda kuuawa. Ugonjwa haukuisha, bali ulizidi kuingia mijini. Sababu zake ni rahisi kuzielewa ukikaa nazo. Majibu yalichelewa, na mbwa akaendelea kuumwa na visubi akingojea hukumu. Wenye mbwa waliwaficha. Na zaidi ya yote, mwenye mbwa akishauliwa mbwa wake hutafuta mtoto wa mbwa wa kuziba nafasi. Mtoto yule hana kinga yoyote, na kisubi yuko palepale uani.

Kilichoonekana kufaa zaidi ni ukanda wa shingoni uliotiwa dawa ya kuua wadudu, unaomfukuza kisubi asimkaribie mbwa. Iran waliufanyia majaribio katika vijiji, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: watoto wa vijiji ambavyo mbwa wao walivishwa ukanda walipata maambukizo machache kuliko watoto wa vijiji vingine. Brazili nayo baadaye imeingiza mikanda hiyo katika mpango wake wa serikali. Mbwa akalindwa, na mtoto akalindwa kwa njia ya mbwa. Sijui kama yule kijana wa mpini wa kasia angelikubali hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Na hata huko Hispania kwenyewe, kweli ya mbwa imewahi kuwadanganya wenyeji. Katika mji wa Fuenlabrada, kusini ya Madrid, ugonjwa ulilipuka kuanzia mwaka 2009, na hadi mwisho wa 2012 watu zaidi ya 400 walikuwa wameugua. Macho yote yakageukia mbwa. Wakapimwa, na wenye ugonjwa hawakuwa wameongezeka. Kuulizauliza kukaendelea hadi wataalamu walipoingia katika bustani kubwa ya mapumziko iliyotengenezwa pembeni mwa mji. Humo sungura wa porini walikuwa wamezaliana kwa maelfu, kwa kuwa hawakuwa na mnyama wa kuwawinda. Walipopimwa, hao ndio waliokutwa na vimelea, na visubi waliokamatwa hapo walikuwa wamefyonza damu yao. Mji ulijenga bustani ili watu wapumzike, na ndani yake ukafuga ugonjwa bila kujua.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki, maana yule mama hakuniuliza habari za Madrid.

Ugonjwa huu tunao, tena kwa wingi. Siku hizi zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kala-azar wanaoandikishwa duniani wanatoka ukanda wetu: Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia, Somalia, Kenya, Eritrea na Uganda. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zilizoelemewa. Ugonjwa ni wa nyanda kavu za kaskazini, kule kwenye migunga na vichuguu virefu, Baringo, Pokot, Turkana, Wajir na Mandera, na ng'ambo ya mpaka wa Uganda huko Amudat.

Wazee waliopigana Vita Kuu ya Pili huenda wangelikumbuka. Mwaka 1940 na 1941 askari wa Keya waliopiga kambi kaskazini ya Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Ziwa Turkana, walianza kuugua homa isiyosikia dawa ya malaria, na ndipo kala-azar ikaandikwa vizuri katika vitabu vya madaktari wa Kenya. Miaka ya mwanzo ya 1950 ikalipuka Kitui. Daktari R. B. Heisch na wenzake walipofuatilia waliona jambo la ajabu: walioshikwa zaidi walikuwa wanaume na wavulana. Kwa nini? Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba katika sehemu zile, jioni baada ya kazi, wanaume walikuwa na desturi ya kukaa kwenye vichuguu vikuukuu vilivyokwisha kubomoka, wakipiga soga. Kichuguu kilikuwa baraza, na humo ndani ndimo kisubi alimokuwa amelala akingojea giza.

Heisch hakuishia hapo. Akawasaka wanyama wa porini, na mwaka 1957 akaandika kwamba amekipata kimelea cha lishmania katika kindi wa ardhini. Ikadhaniwa kwamba kituo kimeonekana. Kisha mwaka 1980 M. J. Mutinga, mtafiti Mkenya, pamoja na wenzake wakatangaza kwamba wamevikuta vimelea katika mbwa wa wilaya ya Machakos, wakauliza kama mbwa naye hana sehemu yake katika kala-azar ya Afrika Mashariki. Huko Sudan ya mashariki watafiti wengine wamewakuta mbwa na nguchiro wakiwa nacho. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema kwamba mbwa wa Kiafrika hahusiki kabisa. Anahusika kidogo, hapa na pale.

Lakini kukutwa na kimelea si sawa na kuwa kituo. Mtu anaweza kukutwa ndani ya daladala na asiwe dereva wala kondakta. Ushahidi uliokusanywa miaka mingi unaelekea upande mmoja: kala-azar ya Afrika Mashariki, sawa na ile ya India, hupita zaidi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa njia ya kisubi. Kituo kikuu ni sisi wenyewe. Mgonjwa asiyetibiwa ni kituo. Hata aliyetibiwa akapona, wengi wao hasa kule Sudan hutokwa baadaye na vipele usoni na mikononi. Mtu huona ni vipele tu, hana homa, anaendelea na kazi zake, kumbe vipele vile vimejaa vimelea na kisubi anavifuata.

Kwa hiyo ugonjwa huu hufuata taabu za watu. Ushahidi mchungu kuliko wote uko Sudan Kusini, katika eneo la Upper Nile ya Magharibi. Kati ya 1984 na 1994, katikati ya vita na njaa, watu walikimbilia kwenye misitu ya migunga, miili imedhoofika, hakuna hospitali. Waliofanya hesabu baadaye walikadiria kwamba watu kama 100,000 walikufa kwa kala-azar katika eneo lililokuwa na wakazi wasiozidi 280,000. Hapo hakukuwa na mbwa wa kulaumiwa.

Kituo kinaweza kubadilika hata ndani ya nchi moja. Panda Mlima Elgon. Huko hakuna kala-azar, kuna ile ya vidonda vya ngozi. Mutinga huyohuyo alionyesha mwaka 1975 kwamba hifadhi yake ni pimbi, yule mnyama wa mawe anayefanana na sungura asiye na masikio, pamoja na perere wa mitini na panya buku. Pimbi hukaa katika mapango na nyufa za miamba, kisubi hukaa humohumo, na watu wa mlimani tangu zamani walitumia mapango yale kwa makazi na kwa kulaza ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na haki ya pango, na wote wakagawana ugonjwa. (Panya buku, kwa njia, ndiye huyohuyo anayefundishwa pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Mnyama mmoja, sifa mbili.) Shuka Baringo nako utakuta vidonda vya aina nyingine, na hifadhi yake ni panya wa nyikani wenye mashimo.

Umeona, ndugu msikilizaji? Tunis mbwa, Fuenlabrada sungura, Elgon pimbi, Baringo panya, Upper Nile binadamu. Na dawa ya kila mahali hufuata kituo chake. Bangladesh, ambako kituo ni mtu, hawakuua mbwa hata mmoja kwa ajili ya kala-azar. Walipiga dawa katika kuta za nyumba, wakawatafuta wagonjwa mapema na kuwatibu, na mwaka 2023 wakawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba wameufikisha ugonjwa huo mahali ambapo si tatizo tena la afya ya jamii. Mwaka huohuo nchi za ukanda wetu zilikutana Nairobi kupanga njia kama hiyo. Kazi yao ni ngumu zaidi, maana kisubi wa kwetu halali ndani ya nyumba kama yule wa Bengali, yuko nje kwenye kichuguu, na wagonjwa ni wafugaji wanaohama. Matibabu nayo si lelemama: mpango uliotumika kwa miaka mingi katika ukanda huu ni sindano mbili kila siku kwa siku 17.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa msikilizaji wa Dar es Salaam na Bagamoyo ambaye hajawahi kukiona kichuguu cha Turkana. Vijana wetu wanaendesha malori hadi Juba. Wapo wanaofanya biashara Lodwar na Lokichogio, na askari wetu hutumwa kulinda amani. Kala-azar hujificha mwilini, mara nyingi miezi miwili hadi sita, kabla haijajionyesha. Mtu anarudi nyumbani mzima, anasherehekea, kisha homa inaanza. Sisi watu wa pwani tukisikia homa na bandama kubwa tunajua ni malaria, tunameza dawa, homa haishuki, tunameza nyingine. Kwa hiyo ombi langu ni hili: homa ikivuka wiki mbili, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwili unakwisha na tumbo linajaa upande wa kushoto, usingoje daktari aulize. Mwambie mwenyewe, "Daktari, nilikuwa Turkana," au "nilikuwa Sudan Kusini." Kuna kipimo cha tone la damu la kidoleni. Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha kuliko kuwaua mbwa wote wa pwani.

Na sasa yule mbwa. Mimi si daktari, kwa hiyo nilimtafuta bwana mifugo. Alikuja jioni, akavaa mipira mikononi, akamkwangua ngozi pembeni mwa sikio, akaenda kutazama kwenye hadubini. Alipotupa jibu alikuwa karibu anacheka: ni upele. Vijidudu vya upele, vya kawaida, vinavyowapata mbwa wa mji wowote, hasa wasioshiba. Akaniambia kwamba mbwa aliyezaliwa Dunda, asiyewahi kutoka Dunda, hamfikirii kuwa na lishmania kwanza, wala pili, wala tatu. Angelikuwa mbwa aliyeletwa na ndege kutoka Hispania, hapo angempima.

Kisha akaacha kucheka, akawauliza vijana swali ambalo hawakulitazamia. "Huyu mbwa amechanjwa kichaa?" Kimya. Akamwuliza mzee. Mzee akasema alichanjwa zamani, mwaka hakumbuki.

Bwana mifugo alikuwa na sababu. Ule ndio ugonjwa wa mbwa unaoua watu katika nchi hii, na hauhitaji kisubi wa kuuchukua, jino linatosha. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilikadiria kwamba kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua Watanzania kama 1,500 kila mwaka, wengi wao watoto wa vijijini. Dalili zikishatokea hakuna dawa. Na huku nako kituo kinajulikana: ni mbwa wa nyumbani. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara watafiti wamekuta mbweha nao wanakipata kwa wingi, karibu wanyama wawili katika kila watano waliogunduliwa kuwa na kichaa walikuwa mbweha, mtu akadhani basi kampeni iende porini. Lakini mbwa wa vijijini walipochanjwa, kichaa kilipungua kwa mbwa na kwa mbweha pia. Pemba walichanja mbwa hadi kichaa kikatoweka kisiwani mwaka 2014. Kikarudi mwaka 2016, wakachanja tena, kikatoweka tena. Kinachotakiwa ni kuwachanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka hadi mwaka. Wakiuawa ovyo, waliobaki huwa ni wale ambao hawajachanjwa, pamoja na watoto wapya.

Nilimrudia yule mama. Nikamwambia mtoto hana haja ya hospitali kwa sababu ya baraza, ila anawe mikono, na asimkumbatie mbwa hadi upele upone, maana upele wa mbwa huweza kumwasha mtoto kwa siku chache. Nikamwambia akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachomwe sindano, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Akaniuliza kama sabuni ya kipande inafaa. Nikamwambia inafaa.

Vijana walikuwa wametawanyika, mashua zimeingia. Yule wa mpini wa kasia ndiye aliyemshika mbwa kichwa wakati bwana mifugo akimdunga sindano mbili, moja ya upele na moja ya kichaa. Mzee alilipa nusu, nusu nyingine tulichanga. Habari ya bei ya samaki nitaileta wiki ijayo.